Jina la Kutoka Nyumbani: Maneno kwa Wazazi Kabla ya Matariki

Hotuba kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, Wellington, Nyuzilandi, Juni 2025

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, na nyinyi watoto mliojipanga mstari wa mbele, habari za jioni.

Nashukuru mmekuja. Wengine mmetoka kazini hata chai hamjanywa, na wengine mkitoka hapa mnaingia zamu ya usiku, kwa hiyo sitawazungusha. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka saba na minane katika shule ya msingi hapa mjini. Darasani kwangu wamo Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, Wasamoa, Wazungu, Wahindi, na wamo watoto wetu, waliozaliwa Uvira, Kigoma, Nairobi au hapa hapa. Ijumaa ya tarehe 20 mwezi huu nchi nzima inapumzika kwa ajili ya Matariki, mwaka mpya wa Wamaori. Tangu mwezi uanze watoto wanarudi nyumbani na gundi vidoleni, na majani yaliyosukwa nusu ndani ya mabegi, na karatasi zenye maswali kwa mzazi. Karatasi nyingi kutoka nyumba zetu zinarudi shuleni tupu.

Hilo ndilo lililonileta. Nimekuja kuwaomba msiziache tupu. Majina ya nyota nitawafundisha mimi. Kukata, kubandika, kusuka na kuimba tutafanya darasani. Lakini karatasi ile inamwuliza mtoto nani wa kwao amefariki, nyumbani kwao hupikwa nini watu wakikusanyika, na yeye na watu wake wanatamani nini mwaka unaokuja. Majibu ya hayo shule haina. Mnayo nyinyi.

Nyota zenyewe mnazifahamu. Matariki ni kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho wazee wa pwani walikitazama kujua lini washike majembe. Walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kule kwetu, mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea, kilimia hupotea pamoja na machweo. Majuma kadhaa baadaye huchomoza mashariki kabla ya mapambazuko, na mvua imekwisha kukatika. Wamaori nao walikiona kikipotea mwezi huo huo wa tano na kurudi mwezi wa sita au wa saba, ila kwao hiyo ni katikati ya baridi. Mavuno yako ghalani, samaki na ndege wamehifadhiwa, shamba limelala, na watu wana nafasi ya kukaa pamoja. Nyota zikirudi, mwaka umeanza.

Hawazitazami siku yoyote tu. Kalenda yao, maramataka, inafuata mwezi wa angani, na Matariki huangaliwa mwezi ukiwa umebakia robo, katika siku wanazoziita Tangaroa. Ndiyo maana sikukuu inahama: mwaka 2022 ilikuwa tarehe 24 Juni, mwaka 2023 ikawa 14 Julai, mwaka jana 28 Juni, na mwaka huu 20 Juni. Waislamu waliopo hapa hili haliwashangazi hata kidogo. Alfajiri hiyo wajuzi walizitazama nyota moja moja. Iliyong'aa iliahidi neema upande wake, na iliyofifia ilionya.

Darasani tunazifundisha nyota tisa. Matariki ndiye mama yao, na kwake iko afya na kukutana kwa watu. Tupuānuku ni ya vyakula vinavyoota ardhini, na kwa Wamaori kikubwa chake ni kūmara, viazi vitamu hivi hivi mnavyovijua. Tupuārangi ni ya ndege na matunda ya juu mitini. Waitī ni ya maji baridi, mito na maziwa. Waitā ni ya bahari. Waipunarangi ni ya mvua. Ururangi ni ya upepo, na mkazi wa Wellington hahitaji kuelezwa upepo. Hiwa-i-te-rangi ndiyo inayotumwa matumaini. Na iko Pōhutukawa, nyota ya marehemu, ambayo nitarudi kwake kwa kirefu. Watoto nimewaeleza wazi kwamba si Wamaori wote wanaohesabu tisa. Yapo makabila yanayohesabu saba, na wenyeji wa Taranaki na Whanganui hungojea nyota nyingine, Puanga, ile ambayo wanaanga huiita Rigel. Mtoto mmoja darasani ana babu wa Whanganui, na siku hiyo yeye ndiye aliyetufundisha sisi.

Sasa niwaambie sikukuu hii imepatikanaje, maana inahusu moja kwa moja ninachokiomba.

Miaka ya 1940 sherehe za Matariki zilikuwa zimefifia, zinaelekea kusahaulika. Mwaka 2000 zilipofanywa upya katika mji wa Hastings walikuja watu wapatao 500. Mwaka 2003 wakafika 15,000. Mwaka 2022 Bunge likapitisha sheria, na nchi nzima ikapumzika kwa mara ya kwanza. Ibada ya kitaifa ilifanyika hapa hapa Wellington, kwenye jumba la makumbusho la Te Papa, ikarushwa mubashara. Mshauri mkuu wa serikali katika jambo hili ni Profesa Rangi Mātāmua, Mmaori wa kabila la Tūhoe. Je, sehemu kubwa ya elimu yake aliipata wapi? Mwaka 1898 mzee wa ukoo wake aliyeitwa Te Kōkau, pamoja na mwanawe Rāwiri Te Kōkau, walianza kuandika kwa mkono kila walichokijua kuhusu nyota. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1933. Zikawa kurasa 400, zenye majina ya nyota karibu 1,000. Daftari likakaa nyumbani, likapita mikono ya jamaa, hadi mwaka 1995 babu yake Mātāmua alipolitoa kabatini akamkabidhi mjukuu.

Wazazi wenzangu, hebu litafakarini hilo. Nchi nzima inasherehekea kwa msaada wa yale yaliyotunzwa kabatini kwa watu. Hakuna shule iliyokuwa nayo. Miaka hiyo yote, kama familia ile ingesema haya ni mambo ya zamani, watoto wasome Kiingereza inatosha, leo Profesa asingekuwa na cha kutufundisha.

Nije kwenye kazi za mikono, ambazo najua baadhi yenu mnaziona ni kuchezesha watoto tu. Mzazi mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa: mwalimu, hesabu mnafanya saa ngapi? Ni swali la haki. Nitajibu kwa kuwaonyesha kazi moja kwa karibu.

Harakeke ni mmea unaoota kila mahali hapa, kando ya barabara na kwenye uwanja wa shule. Kwa mbali mtu wa Tanga atadhani ni mkonge. Wamaori walisuka kwa majani yake vikapu, mikeka, kamba na nyavu, na nyuzi zake wakazitengenezea nguo. Kabla mtoto hajapewa jani, anapelekwa kwenye shina na kuonyeshwa. Jani changa la katikati ni mtoto. Mawili yanayolikumbatia huku na huku ni wazazi wake. Hayo matatu hayaguswi kamwe. Unakata yale ya nje tu, ya mababu, na unakata kwa mshazari, kisu kikielekea nje na chini, ili maji ya mvua yateremke yasiingie moyoni mwa shina yakaliozesha. Mvua ikinyesha hukati. Usiku hukati. Mabaki unayarudisha chini ya mmea ule ule. Na kitu cha kwanza ulichokisuka maishani mwako hukai nacho, unampa mtu.

Mtoto wa miaka saba akiyashika hayo amejifunza mmea unavyokua, amejifunza subira, na amejifunza kwamba familia ina katikati inayolindwa. Hesabu nayo imo humo humo, kwa sababu kusuka ni kuhesabu: moja juu, moja chini, mbili juu, moja chini. Ukikosea safu ya tatu, ya kumi itakuumbua.

Siku tuliyoanza kusuka, bibi mmoja mzaliwa wa Pemba, aliyeko humu ukumbini, alikuja kumchukua mjukuu wake mapema. Akakuta bado tunaendelea, akavuta kiti. Nikaona anaokota jani sakafuni. Akalitia ukucha wa kidole gumba, akalichana kutoka shina hadi ncha, vipande vinne, vyote upana mmoja, bila rula wala kuangalia. Akatupa uti wa katikati na kingo ngumu, akaviburuza vipande kwa mgongo wa kisu cha siagi hadi vikalainika, akaanza ukili. Mama wa Kimaori anayetufundisha kusuka alisimama nyuma yake akitazama, kisha akakaa chini kando yake. Bibi hana Kiingereza cha kutosha na yule mama hana Kiswahili. Walibadilishana vipande tu, huyu anaonyesha na mwenzake anafuata, halafu wanageuzana. Watoto waliacha kazi zao wakawazunguka. Mjukuu wake, ambaye kwa kawaida ndiye mkimya kuliko wote darasani, alikuwa anaeleza kwa sauti: huyu ni bibi yangu, kwetu mikeka inatengenezwa hivi. Nyota zote kubwa zinazoning'inia sasa darasani zimezungushiwa ukili wa bibi huyo. Mkifika shuleni kwa sherehe yetu, inueni macho mzione.

Kuhusu vishada nitasema kwa ufupi. Wamaori walirusha vishada wakati wa Matariki, na vile vya fahari vilivalishwa gome la aute, mti ambao wahenga wao waliuleta kwa mitumbwi kutoka visiwani. Sisi tunatumia mabua ya toetoe, nyasi ndefu za hapa, kwa fremu na karatasi kwa mwili. Vingi vilianguka. Baba mmoja alipita, akavitazama, akasema mkia ni mfupi, na uzi umefungwa juu mno. Utotoni alitengeneza tiara kwa mifuko ya rambo na njiti za ufagio. Akavua koti, akakaa nasi, na jioni ile vishada vilipaa juu ya paa la shule. Nawaambia wanaume mliopo hapa: ujuzi mnao.

Sasa narudi kwa Pōhutukawa.

Katika masimulizi ya Wamaori, angani kuna mtumbwi mkubwa unaoitwa Te Waka o Rangi, na Matariki ndiyo iliyo mbele yake. Nahodha wake, Taramainuku, kila usiku hutupa wavu wake duniani kuwakusanya waliofariki siku ile. Mwaka mzima wanasafiri naye. Mtumbwi unapozama mwezi wa tano anawapeleka, na nyota zikirudi anawaachilia wawe nyota angani. Kwa hiyo alfajiri ya Matariki watu husimama wakayataja majina ya wote waliofariki tangu zilipoonekana mara ya mwisho. Wanataja kwa sauti, na wanalia. Wakishalia ndipo wanapokula, wakaimba, wakacheza.

Darasani kila mtoto amekata nyota ya karatasi nyeusi, na ndani yake anaandika kwa kalamu nyeupe jina la mtu wao aliyefariki. Kama mwaka huu hakuna, anaandika la zamani. Mtoto wetu mmoja aliileta nyota yake ikiwa tupu. Nina ruhusa ya mama yake kulisema hili, na namshukuru kwa ruhusa hiyo. Nikamwuliza mtoto, hutaki kumwandika mtu? Akaniambia, mwalimu, kwetu hakuna aliyekufa. Mimi nilikuwa najua kwamba bibi yake, mama wa mama yake, alifariki kule Kivu mapema mwaka huu. Nikamwuliza kwa upole, na bibi hajambo? Akasema, bibi hapigi simu siku hizi. Halafu akaongeza: mama alilia siku nyingi, lakini alisema kichwa kinamwuma.

Simlaumu mama huyu. Wengi humu ndani tumefanya hivyo hivyo. Tumezika watu wetu kwa simu. Tumeangalia jeneza la mzazi kwenye kioo kidogo, intaneti inakatika, kesho yake saa kumi na moja alfajiri tukaamka kwenda kusafisha ofisi za watu. Hatukukaa matanga. Arobaini ilipita tukiwa kazini. Mtoto tunamficha kwa sababu tunataka apone na yale yaliyotuleta huku, na kwa sababu tukianza kumweleza hatuna hakika kama tutaweza kunyamaza. Lakini mtoto anajua. Anaona uso wa mama, anaona simu haipigwi tena, na anabaki peke yake na anachokijua, hana wa kumwuliza.

Mama alikuja kesho yake. Alikaa na mwanawe kwenye vile viti vidogo vya darasani, akamtajia jina kamili la bibi, jina la ubatizo na jina la ukoo. Akamweleza kwamba bibi aliuza ndagala sokoni, kwamba alipenda kuimba kwaya, kwamba alimbeba yeye mtoto mgongoni siku walizokuwa wakitembea kwenda mpakani. Mtoto alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Akaandika jina kwa herufi kubwa mno hata likamwagika nje ya nyota, ikabidi tumkatie karatasi nyingine. Nyota hiyo sasa iko ukutani, karibu na dirisha, kando ya ile ya mtoto wa Kimaori aliyemwandika babu yake.

Kwa hiyo nasema, tumekuja katika nchi iliyotenga siku ya taifa ambayo ndani yake kuwalilia wafu ni jambo la hadharani. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unalia. Tuitumie. Tuwape watoto majina.

Naingia kwenye swali ambalo wengi mmeniuliza faragha, na mlifanya vema kuuliza: mwalimu, hii si ibada ya nyota? Nitajibu kwa ukweli. Ipo ibada ndani ya Matariki. Inaitwa whāngai i te hautapu: chakula hupikwa ardhini, viazi vitamu, ndege, mkunga wa mtoni na samaki wa baharini, halafu kinafunuliwa ili mvuke wake upande kwenye nyota, pamoja na maneno ya karakia, yaani dua zao. Kwa Wamaori ni jambo zito, na sitalipunguza uzito hapa ili kumpendeza mtu. Darasani kwangu hatulifanyi. Mtoto wako anafundishwa kwamba lipo na maana yake ni nini kwa wenyewe, kama vile mtoto wa jirani anavyofundishwa kwamba ipo Ramadhani na ipo Krismasi. Ikiwa kuna wimbo au karakia ambayo huna amani nayo, njoo uniulize maneno yake yanasemaje, nitakueleza neno kwa neno, na ukitaka mwanao akae pembeni atakaa pembeni bila fedheha yoyote. Nyota nyeusi yenye jina la bibi yake, hiyo ni kumbukumbu. Ukiiona utaamua mwenyewe. Ninachoomba ni uamuzi wako uje baada ya kuona, usije kabla.

Kuna chupa kubwa ya kioo mezani kwangu. Humo watoto wanatumbukiza matumaini yao kwa ajili ya Hiwa-i-te-rangi. Mengi ni ya kitoto, na nayapenda hivyo hivyo: baiskeli, mbwa, kufunga goli. Lakini mtoto mmoja wa kwetu, aliyezaliwa hapa, ameandika kwa Kiingereza kwamba anatamani kuongea na bibi yake wa Kenya bila mama kuwa katikati akitafsiri.

Nikiisoma karatasi ile nawakumbuka Wamaori. Chini ya sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 Kiingereza ndicho kilichotakiwa kuwa lugha ya kufundishia, na kwa miaka mingi watoto wa Kimaori walichapwa kwa kusema lugha ya mama zao shuleni. Waliolelewa Kenya wanaijua hadithi hiyo, maana wengine tulivalishwa kibao shingoni kwa kosa hilo hilo. Kizazi kilichochapwa kikaacha kuwasemesha watoto wake. Tarehe 14 Septemba 1972 ombi lenye saini zaidi ya 30,000 lilifikishwa Bungeni hapa Wellington, kudai Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 bibi na babu wakafungua shule za chekechea za Kimaori, za kwanza zikiwa Wainuiomata, ng'ambo ya vilima hivi, ambako wazee wenyewe walikaa chini na watoto wachanga wakawasemesha. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Leo watoto wenu wanahesabu nyota tisa kwa lugha hiyo bila kigugumizi. Kazi hiyo imewachukua Wamaori zaidi ya miaka 50, na bado hawajamaliza.

Sisi hakuna anayetuchapa. Shule yangu imenunua vitabu vya watoto vya Kiswahili, na mwalimu mkuu amekubali majina ya vyakula kwenye meza ya sherehe yaandikwe kwa lugha ya kila familia. Nyumbani semeni nao Kiswahili, Kirundi, Kifuliiru, Kikuyu, lugha yoyote ambayo bibi anaielewa. Mtoto akijibu kwa Kiingereza, usikasirike, endelea kumsemesha kwa lugha yako. Kiingereza chake kitakuja tu, hilo naliona kila mwaka na nawahakikishia kama mwalimu wake. Anayesubiri kwenye simu ni bibi.

Nimalizie na mipango. Alhamisi tarehe 19 tunakutana uwanja wa shule saa kumi na mbili asubuhi. Jua siku hizi linachomoza karibu saa mbili kasoro robo, kwa hiyo giza litakuwa bado lipo. Anayetoka zamu ya usiku apitilize tu na nguo zake za kazi. Wengi watakuwa hivyo. Vaeni makoti mazito na wafunikeni watoto masikio. Tutatazama kaskazini mashariki. Mtaziona kwanza nyota tatu zilizopanga mstari, kisha mtahamisha macho kushoto hadi kwenye nyota zenye umbo la pembetatu, kisha kushoto tena, na kilimia kitakuwa hapo, chini karibu na vilima. Mawingu yakituzibia hatutarudi nyumbani. Tutaingia ukumbini tuyasome majina huko.

Baada ya majina kuna supu. Watoto wataimenyea wenyewe siku ya Jumatano, kwa hiyo kila nyumba ilete mboga moja kabla ya hapo: boga, kiazi kitamu, karoti, chochote. Msinunue vitu vya gharama. Mama anayetaka kuleta mandazi au chapati alete, na atuandikie jina la chakula hicho kwenye kikaratasi ili tulibandike mezani. Nyama zote zitakuwa halali, nimeshaongea na jikoni.

Karatasi za nyota ninazo hapa, nimeleta za ziada kwa waliopoteza, na kalamu nyeupe ziko kwenye kile kisanduku. Kuandika si sharti. Mzee asiyeandika aje akae nami pale mezani, anitajie jina na alikuwa mtu wa namna gani, nami nitaandika, halafu mtoto atanakili kwa mkono wake kesho. Nitabaki humu mpaka saa tatu usiku. Anayewahi zamu na aanze.

Asanteni sana.